Mama wa Ghorofani Alisema Mitete

Nyumba tuliyopanga Newburg, hapa Louisville, ilikuwa ya chini, na dari yetu ilikuwa sakafu ya watu wengine. Ukikaa hivyo unamjua jirani kwa masikio kabla hujamjua kwa sura. Wa juu yetu tulikuwa tukipungiana nao mikono kwenye ngazi, basi: dada mmoja nesi, mumewe Mmarekani mrefu, na mtoto wao mdogo aliyekuwa akikimbia kutoka chumba hadi chumba kama anayefukuzwa na nyuki.

Jumamosi moja, mwaka 2014, majani yakiwa yameanza kupukutika, nikasikia sauti mpya huko juu. Twa. Twa. Twa.

Nikamwambia mume wangu, "Juu kuna mtu anatwanga."

"Bon, Wamarekani watwange nini?" akajibu bila kuinua macho kwenye chai yake. Yeye ni mtu wa Uvira, na Kiswahili chake ni cha huko, kilichochanganyika na Kifaransa. "Ile ni mashine ya kufua."

Mimi nilizaliwa Burundi, lakini nimekulia kambini Tanzania, upande wa Kigoma, na utoto wangu wote niliamshwa na kinu. Siwezi kukikosea. Nikachukua sahani ya maandazi, nikapanda ngazi, nikapiga hodi.

Aliyefungua hakuwa nesi. Alikuwa mama wa makamo ya kuelekea uzeeni, nywele kazisuka vifundo vifundo pande zote za kichwa, jasho likimtiririka, mchi mkononi. Nyuma yake, jikoni, kinu kilikuwa kimewekwa juu ya blanketi lililokunjwa mara kadhaa, kusudi sisi wa chini tusisumbuke. Ndani ya kinu mlikuwa na sombe, yale majani ya mihogo yanayouzwa yamegandishwa kwenye maduka ya Waafrika. Huuzwa yameshasagwa, lakini inaonekana msago ule haukumridhisha.

Nikamsalimu kwa Kiswahili. Hakuelewa. Kirundi, hola. Kiingereza changu, nilichookota kazini bohari, nacho hola. Yeye naye akasema maneno yake, marefu, yenye kupanda na kushuka, nikabaki nimetabasamu tu. Mwisho nikaonyesha kinu kwa kidole. "Kutwanga," nikasema.

"Mitutu," akasema yeye.

"Kutwanga."

"Mitutu." Akanipa mchi.

Nikaweka maandazi mezani nikatwanga. Akanipokea, nikampokea, mpaka sombe likalainika, na mtoto wa nesi akala maandazi matatu pasipo mtu kumzuia.

Jioni nesi mwenyewe alishuka kutushukuru. Yule ni mama yake, alisema, ametoka Madagaska kuja kumsaidia kulea mjukuu. Kifaransa hana, zaidi ya salamu, na Kiingereza ndiyo kabisa. Katika mji wote huu hajapata mtu mwingine wa kuongea naye lugha yake isipokuwa yeye bintiye, naye anafanya kazi zamu mbili. "Leo ndiyo mara ya kwanza namkuta anaimba," akasema.

Basi tukawa marafiki. Mimi nilimwita Mama. Yeye aliniita Anaka, na bintiye alinieleza kwamba maana yake ni mwanangu. Mazungumzo yetu yalikuwa ya mikono na midomo. Akitaka kunisimulia kwamba sufuria lilimwagikia, alitoa sauti za lile sufuria kwa mdomo wake: likachemka, likafurika, likalia juu ya moto. Nilimfundisha maneno machache ya kwetu: karibu, chumvi, njoo, kaa. Aliyatamka vizuri. Kumbuka hilo, kwa sababu ndilo lililotuponza baadaye.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, mdogo wangu wa kike alikuwa anaolewa Buffalo. Tukapanga kwenda kwa gari na kulala njiani Columbus, kwa mdogo wangu wa kiume anayesoma chuo kikuu cha huko. Nesi alikuwa na likizo wiki hiyo. Nikamwambia, "Nipe Mama nikamtembeze." Alikubali kabla sijamaliza sentensi, na Mama alishuka asubuhi ya safari amevaa kofia ya majani na lamba mbili, zile shuka za kwao za kujitanda, juu ya gauni, kikapu cha chakula mkononi, kana kwamba anahama.

Gari letu lilikuwa la mitumba, la kwanza tangu tufike Marekani. Mume wangu alilipenda kuliko ilivyostahili.

Njiani tuligombana. Si ugomvi wa kutisha. Ni ule wa watu waliooana. Mume wangu alikuwa amechaguliwa kuzungumza kwa niaba ya upande wetu, naye alikuwa ameandaa hotuba inayoanzia enzi za babu zetu. Nilimwomba aifupishe. Akasema hotuba fupi ni dharau kwa wakwe. Nikasema wakwe wana njaa kama watu wengine. Tukasimama kwenye kituo cha kupumzikia, akazima gari, na ugomvi ukaendelea pale pale, madirisha wazi.

Mama alikuwa amekaa nyuma, mlango wake umefunguliwa, mguu mmoja chini. Mara akainama mbele, akanishika bega.

"Mitete," akasema.

Tukageuka wote wawili.

"Mitete! Mitete!" Akatikisa kichwa kwa huzuni, mkono wake ukionyesha mbele tulikokaa.

Mume wangu akanitazama. "Donc umesikia? Mama anasema msitete."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mgeni tumemchukua kumfurahisha, kumbe tumemfikisha mahali pa kututafutia neno la Kiswahili la kutuasa. Msitete. Msigombane. Nikamgeukia, nikaweka mkono kifuani, nikasema, "Tusamehe, Mama." Mume wangu akainamisha kichwa kama yuko mbele ya mchungaji. Mama akatutazama mmoja mmoja, akashusha pumzi, akarudisha mguu wake ndani ya gari.

Tukaenda kimya jii. Kituo kilichofuata, tulipozima tu, "Mitete!" Hatukuwa tumesema neno hata moja. Mume wangu akanong'ona, "Ile mama anaona mpaka ndani ya roho." Nikamshika mkono mume wangu kwa upole, ili Mama aone tumepatana. Akaona. Akatikisa kichwa vilevile.

Tulipokaribia Columbus, mshale wa joto la injini ulikuwa umepanda. Tulipoegesha nje ya nyumba ya mdogo wangu, moshi mweupe ulikuwa unatoka kwenye boneti. Nyumba ile ilikuwa ya mbao, yenye baraza la mbele lililowekwa sofa kuukuu, kwenye mitaa ile ya wanafunzi karibu na chuo, na barazani alikuwa amekaa kijana mwembamba akikunja nguo alizotoka kufua. Mdogo wangu alishatuambia habari zake: mwenzake wa nyumba, mtu wa Indonesia, anasomea uhandisi.

Mume wangu akatoka akazunguka gari, akachungulia chini. "Haiko shida," akasema. "Ni maji ya klimatizeri tu, ile ya kupoza hewa. Magari yote ya huku yanakojoa."

Hapo Mama alishuka. Uvumilivu ulikuwa umemwisha. Akasimama katikati ya njia, kofia imekaa upande, akanyoosha kidole chini ya gari na kupaza sauti kwa watu wote wa mtaa ule: "Mitete! Mitete!"

Kijana pale barazani akaacha kukunja shati.

"Menetes?" akauliza.

Mama akageuka. Akamkazia macho kama mtu aliyeitwa jina la nyumbani katikati ya soko la ugenini. "Mitete," akasema, safari hii polepole.

"Ya, menetes!" Kijana akashuka ngazi, akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya injini na kuutoa umelowa maji ya kijani. Akayaacha yaanguke kutoka kwenye ncha ya kidole. "Tetes," akasema. "Tetes, tetes."

"Tete, tete, tete!" akaitikia Mama, naye akachuruza matone ya kubuni kutoka kwenye kidole chake. Wakawa wanadondoshana matone pale njiani, wote wawili wanacheka, na sisi wengine tumesimama kama milingoti.

Mdogo wangu akamuuliza kijana kwa Kiingereza kuna nini. Kijana akasema, "Huyu bibi anawaambia gari linavuja. Linadondoka matone."

"Wewe umejuaje? Unakijua Kimalagasi?"

"Hata kidogo. Sisi kwetu tunasema hivyohivyo."

Nikampigia nesi simu Louisville, nikampa mama yake, nikafungua spika. Wakaongea. Upande wa pili nesi akaanza kucheka, akashindwa kuacha, simu ikasikika ikianguka sakafuni. Aliporudi akatutafsiria: "Mama anasema amewaambia tangu kituo cha kwanza kwamba gari linadondosha maji. Na kila akiwaambia, ninyi mnamjibu kwa sura za msiba na kushikana mikono. Alidhani gari limeshindikana na mnaliaga."

Mume wangu alikaa kwenye ngazi akacheka hadi machozi. "Miye nilikuwa najua anatukataza kuteta," alirudiarudia. "Na kweli tuliacha!"

Ulikuwa mpira wa rejeta, umepasuka karibu na kibano chake. Mume wangu na yule kijana walikwenda kwa miguu duka la vipuri, wakarudi na mpira mpya, wakaufunga kabla jua halijazama, wakisaidiana kwa kuonyeshana. Sisi tukafungua kikapu cha Mama. Wali, sombe lenye vipande vya nguruwe, na nyanya zilizokatwa ndogondogo pamoja na kitunguu kibichi. Kijana hakula nguruwe, akapakua wali na nyanya, akaleta pilipili yake ya kusaga iliyotukausha sote koo.

Baada ya kula waliendelea, Mama na kijana, na sisi tukawa watazamaji. Kunguru alikuwa ametua kwenye waya wa umeme. Kijana akamwonyesha. "Gagak."

"Guaika," akasema Mama, na kunguru mwenyewe akalia kana kwamba anawasahihisha wote.

Kijana akapiga mluzi. "Siul." Mama akapiga wake, mkali zaidi. "Siuka." Kijana akagonga meza kwa vidole: "Ketuk." Mama akakataa katakata. Akaipiga meza kwa ngumi, vyombo vikaruka. "Dunduna!" Hapo hawakupatana, na kila mmoja alimtazama mwenzake kwa huruma, kama mtu aliyepotoshwa na wazazi wake. Kisha Mama akashika mchi wa hewani, akatwanga. "Mitutu." Kijana akafikiri. Akasema kwa lugha kubwa ya nchi yao ni neno jingine, lakini bibi yake kijijini, alipotwanga mpunga, alisema "nutu". Alipolitamka neno hilo sauti yake ilishuka kidogo. Mama akampigapiga mgongoni, akamwongezea wali.

Mdogo wangu, ambaye yeye anasomea udongo, wala si lugha, akatueleza alivyopata kusoma: kwamba wahenga wa Madagaska zamani sana walitoka visiwa vya huko Mashariki ya mbali wakavuka bahari nzima, na lugha yao bado ni ndugu na za huko.

"Donc waliacha mali yote," akasema mume wangu, "wakabeba kelele."

Tulicheka. Lakini nitasema kweli, nililala na kijiwivu. Mimi ndiye niliyepanda ngazi na maandazi. Nchi yake na kwetu zinatazamana. Ukitoka Tanzania ni kuvuka maji tu. Mwaka karibu mzima nimekaa naye nikijenga urafiki kwa vidole, halafu anatokea mtoto wa mwisho wa dunia, anakunja nguo zake, anasema neno moja, na Mama anamtazama jinsi ambavyo hajapata kunitazama mimi. Nilimnong'oneza mume wangu habari hiyo. Akasema, "Lala. Sasa ni weye unateta."

Asubuhi tukaondoka, gari likinguruma vizuri. Mama alikuwa nyuma, akitazama mashamba ya Ohio. Tukapita malisho mapana yenye ng'ombe weusi na weupe, na ghafla akagonga kioo.

"Umbi!"

Nikageuka. "Nini, Mama?"

"Umbi, umbi!" Akanionyesha kwa kidole, akaweka mikono kichwani kama pembe.

"Ng'ombe?" nikasema.

"Umbi!"

"Ng'ombe! Umbi! Ng'ombe!" Nilipiga kelele hadi mume wangu akakanyaga breki. Nikamwambia Mama kwa ishara aendelee, anipe wengine. Akahesabu wanyama kwenye vidole. Akapigapiga mikono ubavuni kama mabawa: "Akuhu." Nikasema kuku! Akasema "undri", akalia kama mwanakondoo, nikasema kondoo! Akasema "usi". Hapo nilikwama, mpaka alipotikisa ndevu zisizokuwepo kidevuni, nikasema mbuzi, na ingawa mbuzi yule alikuwa amekonda sana njiani, bado nilimtambua. Alipofika kwa "akanga", ndege mwenye madoadoa, nilikuwa nimefungua mkanda na kugeuka mzimamzima kwenye kiti. Kanga! Kanga wetu, hata herufi hazikubadilika, ila moja iliyokaa mbele kama mlinzi.

"Bon, matone ni ya wale," mume wangu akaamua, "lakini mifugo ni yetu."

Mama hakuelewa alichosema, lakini alielewa furaha yangu. Akanibana shavu kwa vidole viwili, kwa nguvu, jinsi anavyomfanyia mjukuu wake. Niliingia Buffalo na alama nyekundu usoni.

Arusi ilikuwa na mambo yake. Shangazi yetu anakaa Kensington-Bailey, kwenye mojawapo ya mitaa inayokatiza barabara kubwa ya Bailey, na uani kwake wanawake walikuwa wameshawasha majiko tulipofika. Hakuna aliyeuliza Mama ni nani. Alipewa kisu na gunia la vitunguu, na hiyo ndiyo ilikuwa karibu yake. Kesho yake kanisani alipiga kigelegele kilichochelewa, katikati ya sala, na mchungaji akafungua jicho moja.

Kisha ukumbini, mume wangu akasimama na hotuba yake. Haikufupishwa. Alipofika kwa babu wa babu yake, watoto wakaanza kuruka juu ya viti. Walikuwa wengi, wamevalia masuti madogo na magauni ya kumetameta, na mama zao wakiwakanya kwa Kiswahili, wao wanajibu kwa Kiingereza. Nikamwona Mama anainuka, anawaita kwa kidole, anakwenda nao pembeni karibu na mlango wa jikoni.

Nilijongea kusikiliza. Alikuwa anawasimulia hadithi kwa lugha yake mwenyewe, bila wasiwasi wowote. Mvua ikanyesha, tete, tete, halafu ikawa kubwa. Mlango ukagongwa, dunduna. Kitu kikalipuka, puaka! Watoto wakajitupa sakafuni kwa kicheko. Mmoja wa kike, mwenye utepe wa bluu, akamuuliza mwenzake kwa Kiingereza, "Amesema nini?" Mwenzake, kwa uhakika wa mtu mzima, akamweleza: "Ng'ombe amekataa kuingia ndani, sasa bibi kizee amekasirika." Sijui kama ndivyo ilivyokuwa. Nilipomwomba nesi baadaye amuulize mama yake, alisema hadithi ilihusu mamba.

Hotuba ilipoisha watu walipiga makofi mno, kwa sababu zao, na mume wangu aliyapokea yote. Bibi arusi, mdogo wangu, alikuja pembeni akiinua gauni lake lisiburuzwe, akaketi chini kabisa pamoja na watoto. Mama akamwona, akaanza hadithi upya tangu mwanzo.

Yule kijana wa Indonesia hakupotea. Alikuwa akimpigia Mama simu Jumapili, kupitia mdogo wangu kwanza, baadaye moja kwa moja. Wanaongea nini, nesi alisema, hajui. Anasikia mama yake akitaja vitu vya jikoni kimoja kimoja na kucheka. Kijana alipomaliza masomo, mwezi wa nane wa mwaka uliofuata, alipanda basi akaja Louisville kuaga kabla hajarudi kwao. Alikaa siku mbili, akalala kwenye sofa letu, akashinda juu. Kinu hakikupumzika.

Tulimpeleka kituo cha basi sisi watatu, mimi, mume wangu na Mama. Mama alimshindilia chakula kwenye mkoba mpaka zipu ikakataa, akasema naye neno sikioni, na kijana akaupeleka mkono wa Mama kwenye paji la uso wake, jinsi wanavyowaheshimu wakubwa kwao. Basi likaondoka. Mama akanitazama mimi, akauliza kwa mkono: atarudi? Nilimtikisia kichwa: hapana. Akafuta macho kwa ncha ya lamba.

Kisha, ng'ambo ya barabara, akaona mtu anauza matikiti nyuma ya gari la mizigo. Akavuka bila kutazama, sisi mbio nyuma yake. Aliyagonga moja baada ya jingine, sikio karibu, akayakataa yote ya mbele, akachagua lililokuwa chini kabisa, kubwa kuliko mengine. Mume wangu alilibeba begani akiguna. Hatukulifikisha nyumbani. Tulilipasulia pale pale kwenye maegesho, tukala tumesimama, na Mama akatufundisha kutema mbegu mbali.